Namna ya Kulinganisha Utoto wa Kisiwani na Malezi ya Bara

Mzazi aliyekulia kisiwani katika ukanda wa joto, kisha akaja kulea watoto wake bara, hulinganisha hata bila kukusudia. Anapomfunga mtoto viatu asubuhi hukumbuka kwamba yeye alishinda pekupeku. Anapomkataza kuvuka barabara hukumbuka ufuo ambao haukuwa na geti wala mlinzi. Mimi ni mmoja wa wazazi hao, na kwa miaka mingi nilichukua siku bora kabisa za utoto wangu nikazipambanisha na asubuhi za kawaida za wanangu, zenye mvua, foleni na kuchelewa shule, na kila mara bara lilishindwa. Mwongozo huu unaeleza njia ambayo baadaye niliiona kuwa ya haki zaidi. Msingi wake ni kuuliza kila kumbukumbu ilikuwa ikimfanyia mtoto kazi gani, kwa sababu bahari haihamishiki, lakini kazi iliyokuwa ikifanywa na bahari mara nyingi inaweza kufanywa na kitu kingine.

Anza na siku moja

Chagua umri alionao mwanao sasa, uandike siku moja ya utoto wako katika umri huo, tangu alfajiri hadi usingizini. Isiwe sikukuu wala siku ya kisa kikubwa. Iwe siku ya katikati ya juma. Andika ulikuwa na nani, mtu mzima wa karibu zaidi alikuwa umbali gani, nani aliamua mwende wapi, na ni nini kilichokuchosha. Kisha andika siku ya mwanao kwa maswali hayo hayo, ukimwomba akusahihishe, maana mzazi hajui kinachotokea wakati wa mapumziko ya shule.

Ikiwa bara unakoishi liko mbali na ikweta, andika siku mbili za mtoto, moja ya kiangazi na moja ya majira ya baridi. Karibu na ikweta mchana huwa wa takriban saa 12 mwaka mzima, hivyo mtoto wa kisiwani hujua bila saa ni lini giza litaingia. Kwenye latitudo ya 50 mchana hufupika hadi takriban saa 8 na kurefuka hadi takriban saa 16. Mtoto anayerudi kutoka shule jua likiwa limekwisha kuzama hawezi kulaumiwa kwa kutotoka nje, na mzazi asiyeizingatia tofauti hiyo atauita uvivu jambo ambalo ni mzunguko wa dunia.

Tafuta mashahidi watatu

Kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi. Shahidi wa kwanza ni yule aliyekuwa akikulea: mama, bibi, au dada mkubwa aliyeambiwa asikuache. Muulize aliogopa nini. Nilipomuuliza mama yangu kuhusu zile alasiri ndefu za ufukweni, ambazo mimi nilizihesabu kuwa uhuru kamili, alinieleza kwamba hakukuwa na alasiri hata moja ambayo hakujua niko wapi, kwa kuwa kila aliyepita njiani alimfikishia habari zangu. Nilichokiona mimi kuwa uhuru, kwake kilikuwa kazi iliyofanywa na watu wengi kwa pamoja.

Shahidi wa pili ni mtu wa rika lako aliyekulia bara. Hapa ndipo ulinganisho wangu ulipogeuka, kwa sababu niligundua kwamba naye alikwenda shule kwa miguu akiwa na wenzake, naye alicheza nje hadi alipoitwa, ingawa hakuwahi kuiona bahari. Mtafiti Mayer Hillman na wenzake walichunguza jambo hili Uingereza: mwaka 1971, watoto takriban asilimia 80 wa umri wa miaka 7 na 8 walikwenda shule bila mtu mzima, na kufikia mwaka 1990 walikuwa asilimia 9 tu. Mahali palikuwa pale pale. Kilichobadilika ndani ya miaka hiyo 19 ni wingi wa magari na hofu ya wazazi. Sehemu kubwa ya tunachokidhania kuwa tofauti ya kisiwa na bara ni tofauti ya zama zetu na zama za watoto wetu.

Shahidi wa tatu ni mtoto anayekua sasa kisiwani kule kule, kama una jamaa waliobaki. Muulize yeye mwenyewe jana alifanya nini tangu alipotoka shule, wala usimjibie. Ukisha kupata ushahidi wote, pitia orodha yako na uweke alama kwenye kila ulichokikosa: hiki kimeondoka kwa sababu ya mahali, hiki kwa sababu ya wakati. Kilichoondolewa na wakati hakiwezi kurudishwa kwa kuhama, na familia inayofikiria kurudi kisiwani kwa ajili ya watoto inapaswa kulijua hilo kabla ya kufunga mizigo.

Weka gharama za kisiwa kwenye mizani

Nakumbuka usiku ambao mtoto wa jirani alikuwa na homa kali, na watu wazima walisimama ufukweni wakisubiri upepo utulie ili chombo kiweze kuondoka. Aliwahi kufikishwa hospitali na akapona. Usiku huo haukuwamo kabisa katika orodha yangu ya kwanza, nami nadhani kila aliyekulia kisiwani ana usiku wake wa namna hiyo. Andika na mengine: watoto waliopelekwa mbali na nyumbani wakiwa bado wadogo ili wapate masomo ya sekondari, na yule mmoja aliyekuwa tofauti na wenzake, ambaye hakuwa na kundi jingine la kuhamia kwa sababu kundi lilikuwa moja tu.

Kuhusu maji, usijifariji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Sisi tunaosimulia utoto mtamu wa baharini ni wale tuliotoka majini salama, na ulinganisho wowote unaowasahau wasiotoka si wa kweli.

Uliza kila kumbukumbu ilifanya kazi gani

Hatua hii ndiyo inayodai muda mrefu kuliko zote. Chukua kumbukumbu moja moja, uvue mandhari yake, utazame kilichobaki.

Tuanze na bahari yenyewe kama ratiba. Kati ya maji kujaa na kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku mabadiliko huchelewa kwa karibu dakika 50, na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mtoto anayeishi na mpangilio huo hujifunza kwamba kuna wakati ambao hauamuliwi na mtu yeyote, wala mwalimu wala baba, na kwamba aliyechelewa kurudi kutoka mwambani hatasubiriwa. Bara, mbali na pwani, hakuna kupwa na kujaa, lakini mwezi ni ule ule, nao pia huchelewa kuchomoza siku hadi siku. Mpe mtoto daftari aandike kwa mwezi mmoja saa anayouona na umbo lake. Mchagulie pia mahali pamoja pa kurudia, kijito, mti au kiwanja kisichojengwa, na mwende hapo pale pale kila juma kwa mwaka mzima. Wazazi wengi hukosea kwa kuwapeleka watoto mahali papya kila mara, ilhali kilichotufundisha sisi kilikuwa ni kurudia: tuliujua ufuo kwa sababu tuliuona ukibadilika mamia ya mara.

Jua nalo lilikuwa na kazi yake. Mjini Guangzhou, China, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata wanafunzi wa darasa la kwanza kwa miaka 3. Miongoni mwa walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule, takriban asilimia 30 walipata tatizo la kutoona mbali, na miongoni mwa wenzao ilikuwa takriban asilimia 40. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, hupita mara nyingi mwanga wa darasani. Kwa hiyo usiahirishe kutoka nje kwa hoja kwamba hakuna ufuo; kibaraza cha ghorofa kinachoiona mbingu ni bora kuliko sebule.

Ipo mifano inayoonyesha kwamba hata kile kinachofanana na kipawa cha kuzaliwa ni mazoezi. Watoto wa Wamoken, wanaoishi na bahari katika visiwa vya Thailand na Myanmar, huona chini ya maji kwa usahihi zaidi ya mara mbili ya watoto wa Ulaya, kama mtafiti Anna Gislén na wenzake walivyoeleza mwaka 2003, kwa sababu hubana mboni zao wanapozama. Baadaye watoto wa Ulaya waliofanyishwa mazoezi nao waliweza. Mwanao hajapungukiwa na chochote katika damu yake.

Kisha kuna yale macho mengi aliyonieleza mama yangu. Bara hayaji yenyewe, lazima uyatafute. Tembea na mtoto katika njia yake ya kila siku, mtambulishe kwa jina kwa watu wazima watano walio njiani, nawe ujitambulishe na uwape namba yako ya simu. Mpe mipaka ya alama zinazoonekana, kama tulivyopewa sisi mpaka wa mti fulani au jiwe fulani, na upanue mpaka huo baada ya majuma kadhaa ya kuheshimiwa. Barabara uichukulie kama maji ya kina. Watoto wa shule ya msingi hushindwa kukadiria kasi ya gari linalokuja mbio, hivyo wafundishe kwa hatua zile zile tulizofundishwa bahari: kwanza ukiwa umemshika mkono, kisha ukiwa pembeni, kisha ukitazama kwa mbali, na mwisho akiwa na wenzake. Hatua hizi zinaweza kuchukua miaka, na hakuna ubaya katika hilo, maana nasi hatukuachwa majini kwa siku moja.

Usiyaamini maji ya bara kwa ujuzi wa bahari

Ninalisisitiza hili kwa sababu wazazi waliokulia kisiwani ndio wanaojiamini kupita kiasi. Maji ya chumvi humbeba mtu: lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, na ya mtoni takriban kilo 1, tofauti ndogo ambayo mwili unaoelea huihisi mara moja. Mtoni na bwawani sakafu haionekani, matope hunasa miguu, na mkondo haufuati mwezi. Penye baridi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa maji ya chini ya nyuzijoto 15 humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila hiari pale anapoingia, na kama kichwa kiko chini atavuta maji. Mfundishe mtoto kuelea chali na kutulia kwa dakika ya kwanza kabla ya kujaribu kuogelea. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wenye umri wa kuanzia miaka 6 wafundishwe stadi za msingi za kuogelea na usalama majini. Mtafutie mwalimu hata kama wewe ni hodari, kwa sababu wewe ulijifunzia maji mengine. Kwa mdogo zaidi ya hapo, kinachomlinda ni mtu mzima aliye umbali wa mkono wake, asiye na simu mkononi.

Mkienda kisiwani

Kaeni kwa jamaa, na mkae muda wa kutosha hadi mtoto achoshwe, kwa kuwa kuchoshwa ndiko kulikotufanya tubuni michezo. Mwachie binamu wa rika lake ndiye awe kiongozi, baada ya wewe kuwaeleza wenyeji wazi kwamba mgeni huyu hajui maji. Usimsimulie kila mahali mnapopita, maana mtoto anayesikiliza kumbukumbu za mzazi siku nzima hapati nafasi ya kujiwekea zake.

Chora ramani mbili

Hatua ya mwisho hufanywa mezani. Chora kwa kumbukumbu ramani ya mahali ulipokuwa ukitembea ulipokuwa na umri wa mwanao, ukitia majina mliyopaita nyinyi watoto wala si majina rasmi. Mtoto naye achore yake, bila msaada wako, kisha mziweke pamoja na kila mmoja amuulize mwenzake maswali. Utaona ukubwa wa maeneo, na idadi ya mahali palipopewa jina na mtoto mwenyewe. Hiki cha pili ndicho kipimo ninachokiamini zaidi, kwa sababu mtoto hupapa jina mahali alipopafanya pake.

Ramani ya binti yangu ilikuwa ndogo kuliko yangu, kama nilivyotarajia, lakini ilikuwa na majina 11. Moja lilikuwa la mfereji ulio nyuma ya ukuta wa jirani, ambao hujaa mvua inaponyesha na ambao yeye na wenzake hurushia majani ili waone lipi litatangulia kufika darajani. Nimeishi mtaa huo miaka 8 nami sikuwa nimeuona. Mvua iliyofuata nilimwomba anipeleke, naye akanionyesha pa kusimama.