Sintaksia: jinsi ya kujua kama umekosea mpangilio au maana

Kuna watu wakiona tu maandishi mekundu kwenye skrini wanafuta programu nzima waanze upya, jamani msifanye hivyo, kwanza jua umekosea nini.

Sintaksia ni mpangilio, yaani nini kinakaa wapi na nini kinashikana na nini. Kwa Kiswahili ni "kitabu kimeanguka", ukisema "kitabu imeanguka" utaeleweka tu, labda mwalimu ndo atakukazia macho. Sasa sema "jiwe limekunywa chai": ngeli imekaa poa, mpangilio safi, ila maana hamna. Hizo ni shida mbili tofauti, na kwenye kompyuta zipo zote mbili, tofauti ni kwamba ile ya kwanza kompyuta haikusamehei kama watu. (HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ndo inasamehe, braoza inajikaza na tagi zako mbovu hivyohivyo.)

Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kuna njia rahisi ya kutofautisha. Angalia kama programu imetoa chochote kabla ya kukwama. Python inasoma faili lote kwanza ndo ianze kazi, kwa hiyo kosa la sintaksia likiwa mstari wa 40 hata mstari wa 1 haufanyi kitu. Ikiwa imechapisha mambo mawili matatu halafu ikafa, faili lako sintaksia iko sawa, tafuta kwingine, mfano umeandika 10 / 0, ambayo imepangika vizuri tu ila haigawanyiki.

Ikishakuwa ni SyntaxError (ndo jina la Python kwa kosa la sintaksia), soma mstari wa mwisho wa ujumbe, kisha nenda kwenye namba ya mstari iliyotajwa, na hapa ndo wengi wanapotea, angalia pia mstari wa JUU yake. Mabano uliyoacha wazi mstari wa 7, Python za zamani zinaweza kulalamikia mstari wa 8 usio na hatia. Kuanzia 3.10 ya mwaka 2021 zinakuonyesha mabano yenyewe, so kama unaweza apdeti.

Baada ya mabano kagua nukta pacha (:) mwisho wa mistari ya if, for na def, halafu nafasi za mwanzo wa mistari.

Na kama umekopi kutoka Word, alama za usemi zinakuja zimepinda “hivi”. Ukiona U+201C kwenye ujumbe ndo hizo, zifute uziandike upya kwa kibodi ndani ya edita yako.