Monduli au Tunguu: Namna ya Kuchagua Baada ya Kidato cha Sita

Kijana wa Unguja au Pemba anayetamani kuwa afisa wa jeshi aanze kwa kuelewa kwamba Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi kilichoko Monduli, mkoani Arusha, hakiombwi kama kinavyoombwa chuo kikuu. Kwa kawaida mtu huandikishwa jeshini kwanza, akapitia mafunzo ya kuruti, ndipo baadhi yao huchaguliwa kusomea uafisa na hatimaye kutunukiwa na Rais, aliye Amiri Jeshi Mkuu, kamisheni ya cheo cha luteni usu. Wengi hubaki kuwa askari wa vyeo vya kawaida. Kwa hiyo jiulize, na ujijibu kwa ukweli: nisipochaguliwa kwenda Monduli, je, nitaridhika kulitumikia jeshi kwa cheo cha chini? Ikiwa jibu ni hapana, basi unachokitaka ni cheo, na chuo cha kiraia kitakufaa zaidi.

Zungumza pia na wazee wako kuhusu mambo mawili ambayo kwetu hayasemwi mapema. La kwanza ni uhamisho: mwanajeshi hupangiwa kituo popote nchini, na Tanzania imepeleka vikosi vya kulinda amani Lebanon, Darfur na Kongo, hivyo Idi na mazishi mengi yatapita ukiwa mbali. La pili ni siasa. Ibara ya 147 ya Katiba ya mwaka 1977 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, ingawa anabaki na haki ya kupiga kura; katika visiwa ambavyo uchama huingia hadi ndani ya nyumba, sharti hili ni zito kuliko linavyosikika.

Upande wa pili, SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar chenye makao yake Tunguu, Unguja, au chuo kingine chochote cha kiraia, hukuachia nafasi ya kubadili fani na hata ya kuacha. Gharama yake ni ada, na mkopo wa elimu ya juu ni deni la kulipwa. Faida ambayo wengi huisahau ni kwamba Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huajiri pia wenye stashahada na shahada, mradi hawajavuka umri unaotajwa katika tangazo, ilhali aliyekwisha kula kiapo hatoki jeshini kwa siku aipendayo.

Kwa maoni yangu, anayelitaka jeshi kwa dhati aombe kote kuwili, wala asiliache dirisha la udahili wa vyuo vikuu likafungwa kwa kusubiri tangazo la jeshi. Nafasi za kujitolea katika Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) la Zanzibar na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nazo zisidharauliwe, kwani huko utayaonja maisha ya kambini kabla ya kujifunga.

Vyeti vitayarishwe sasa. Linganisha jina lako herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa kikiandika Khamis na cha skuli kikaandika Hamisi, au kimoja kikiwa na majina matatu na kingine mawili, shughulikia marekebisho kabla tangazo halijatoka, kwa kuwa muda wa maombi huwa mfupi. Barua ya sheha iombwe mapema pia. Na yeyote atakayekudai fedha ili akupatie nafasi ya jeshi ni tapeli. Nafasi hizo haziuzwi, na anayedai aripotiwe polisi.