Kuvua mafunguni Dar es Salaam: panga safari kwa maji

Ukitaka samaki kama changu, chaa, mkundaji na tasi kwenye mafungu (vilima vya mchanga ndani ya bahari) na nyasi za bahari kati ya Kunduchi na Mbweni, au upande wa Kigamboni, anza na jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam. Mshipi wa kuvulia utafuata baadaye. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3; maji mafu, yale madogo ya katikati yake, karibu mita 1 tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku.

Kwa hesabu hiyo, siku tunazozipendelea, ukihesabu tangu mwezi uandame, ni ya 11 na 12, na tena ya 25 hadi 27. Siku hizo maji hupwa alfajiri, karibu saa 12, na asubuhi yote yanajaa wakati upepo haujaamka. Bamvua kubwa lina mkondo mkali unaobeba majani yaliyokatika na kuyaviringisha kwenye mshipi. Maji mafu nayo mara nyingi hayapandi vya kutosha kuwavuta samaki juu ya fungu.

Maji yakipwa, samaki hujikusanya kwenye milango (mikondo ya kina inayopita kati ya mafungu) na vidimbwi virefu kando ya fungu. Yakianza kujaa hupanda nayo kutafuta kaa wadogo, kamba na minyoo. Basi saa ya kwanza vua ukingoni, pale mchanga unapoangukia kwenye kina. Maji yakifika magotini juu ya fungu, sogea na nyasi; yakifika kifuani, nenda karibu na mikoko kwa mtumbwi. Anayeanzia katikati ya fungu huishia kungoja samaki ambao bado wako mlangoni, au ambao wameshampita.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kwa tofauti ya mita 3, saa ya kwanza huongezeka karibu sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, ya tano 50, ya sita 25. Unayevua kwa miguu, zingatia saa ya tatu. Fungu lina mgongo, na nyuma yake upande wa pwani mara nyingi kuna bonde linalojaa kabla ya hapo uliposimama. Mtu huona maji ya magoti na kujiona salama, kumbe njia ya kurudi imeshafika shingoni. Anza kurudi mwishoni mwa saa ya pili, au uwe na mtumbwi umetia nanga karibu nawe.

Kusi inapovuma, katikati ya mwaka, toka mapema na urudi kabla ya saa 4. Angalia pia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakati wa masika epuka midomo ya mito, hasa Msimbazi: maji yana tope na uchafu wa mji, na samaki hawaoni chambo.

Mshipi wa mkono wa milimita 0.40, mita 50, unatosha. Ndoana ya changu iwe na mdomo (nafasi kati ya ncha na shina) wa milimita 8 hadi 10. Ya chaa na tasi ndogo zaidi, maana vinywa vyao ni vidogo. Pitisha mshipi kwenye chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) lenye tundu, la gramu 15 hadi 30, weka kizuizi cha shanga, kisha acha uzi mwembamba wa sentimita 70 hadi kwenye ndoana. Samaki akivuta, uzi unateleza ndani ya chubwi bila yeye kuhisi uzito. Fundo: pitisha uzi kwenye jicho la ndoana, uzungushe mara 5, rudisha ncha kwenye tundu dogo karibu na jicho, lowesha kwa mate, kaza polepole. Fundo lililokazwa kavu hujichoma na kukatika kwa samaki wa kwanza mkubwa.

Juu ya nyasi chubwi hilo ni kosa. Huzama na kuburuta chambo majanini, na utakaa nusu saa ukidhani hakuna samaki. Tumia boya dogo, chambo kining'inie sentimita 20 hivi juu ya majani. Changu hupenda kamba mbichi au kipande cha ngisi, kwani ngisi hachomoki upesi. Tasi ni mla majani: mpe donge la unga wa ngano lililokandwa kwa maji machache, au mwani wenyewe. Ukiona samaki wadogo wanakimbia na kurukaruka ukingoni, samaki mwindaji kama kolekole au mzia yuko chini yao. Kwa mzia funga waya mwembamba, meno yake hukata naylon.

Chombo kisogee kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia. Usigonge ubavu wala kuburuta nanga: katika maji ya mita moja kelele hufika mbali. Tia nanga mchangani, kamwe si juu ya matumbawe. Toa kamba ya nanga angalau mara 4 ya kina, uiongeze maji yanapopanda.

Vaa viatu vya soli nene na uburute miguu ili samaki taa, mwenye mwiba mkiani, aondoke kabla hujamkanyaga. Miba ya tasi na hongwe ina sumu, hivyo kata kwa koleo kabla ya kumshika. Ukichomwa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, karibu digrii 45, kwa nusu saa au zaidi, kisha nenda hospitali. Samaki bunju, anayejivimbisha, mrudishe majini. Sumu yake haiondoki hata akipikwa.

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni baadhi ya hifadhi za bahari za hapa, hakuna kuvua pale. Nje ya hifadhi, mvuvi na chombo vinahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Muulize afisa uvuvi wa manispaa, na ujitambulishe kwa viongozi wa diko (mahali vyombo vya uvuvi hufikia pwani) unakotokea.

Beba barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki unayotarajia. Mtoe damu mara tu anapopanda, na tasi mtoe utumbo hapohapo, kwani majani yaliyomo huchacha na kuiharibu nyama.