Bakuli kwanza, chakula baadaye: namna ya kuandaa meza ya Kihawaii

Anayetaka kuwaandalia wageni vyakula vya Hawaii huanza, mara nyingi, kwa kutafuta samaki na viungo. Ningemshauri aanze na mabakuli. Katika visiwa vile chombo ndicho kinachoamua kama chakula kitakuwa kizito au chepesi, kama kitaliwa kwa vidole au kwa vijiti, na hata maneno gani yanafaa kusemwa na walioketi kukizunguka. Mwongozo huu ni wa mlo wa watu sita hivi, na vitu vingi vinavyohitajika vinapatikana katika masoko ya Afrika Mashariki.

Kuchagua na kutunza bakuli la mbao

Bakuli la asili la Kihawaii huitwa umeke. Wahawaii wa kale hawakufinyanga vyungu vya udongo, kwa hiyo vyombo vyao vya chakula vilitoka kwenye vibuyu na magogo. Wachongaji walitumia tezo za mawe, kisha wakasugua mbao kwa matumbawe na mawe mengine ya kulainishia mpaka ukingo wa bakuli ukawa mwembamba na laini kuliko mtu anavyotarajia kwa kazi iliyofanywa bila chuma. Vibuyu vilivyotiwa nakshi, ambavyo kisiwa cha Niihau kilisifika kwavyo, vilikuwa vyepesi kubeba. Bakuli kubwa lilitiwa katika wavu wa kamba ya olona, mmea wenye nyuzi imara, na kuchukuliwa kwenye mzegazega.

Mbao zilizopendwa kwa chakula ni za kou, milo na kamani, na sababu yake ni ya jikoni kabisa: hazikiachii chakula ladha. Koa, mti mkubwa wa milimani uliotengenezewa mitumbwi, una uchungu unaoingia katika chakula chenye majimaji, na kwa hiyo haukutumiwa kwa bakuli la kulia. Inafurahisha kujua kwamba miti hiyo mitatu ya pwani si migeni kwetu. Yote huota pia kando ya Bahari ya Hindi, na kamani ndiyo mtondoo ambao mafundi wa majahazi wanaufahamu vizuri. Katika karne ya 19 wadudu waliangamiza miti mingi ya kou huko Hawaii, na mabakuli ya zamani ya mbao hiyo yakawa vitu vya thamani. Siku hizi mafundi wa visiwa hivyo wanakereza mabakuli mengi kwa mbao za mwembe, na hilo linamrahisishia kazi mtu wa Tanga, Mombasa au Morogoro.

Mwombe fundi bakuli la duara, lenye kina na tumbo pana, ambalo ndani yake hakuna kona, kwa sababu chakula kitakachokaa humo kinanata na kona haisafishiki. Sisitiza asilipake vanishi. Likifika nyumbani, lijaze maji safi, uliache usiku kucha, na asubuhi uyanuse na kuyaonja maji hayo. Yakiwa machungu au yana rangi, yamwage na urudie mpaka yatoke kama yalivyoingia. Baada ya hapo likaushe kivulini, kamwe si juani, na ulipake mafuta kidogo. Wahawaii walitumia mafuta ya kokwa za mti wa kukui. Mafuta ya nazi hugeuka na kunuka yakikaa ndani ya mbao, kwa hiyo ninapendekeza mafuta meupe ya madini yasiyo na harufu, yale safi yanayouzwa katika maduka ya dawa. Kila baada ya kulitumia, lioshe kwa maji ya uvuguvugu bila kulilowesha, ulifute na kuliacha likauke likiwa wazi.

Hata likitunzwa hivyo, siku moja litapasuka. Usilitupe. Hapa pana jambo ninaloliheshimu sana katika utamaduni wa Hawaii: ufa hauharibu heshima ya bakuli, bali ukizibwa vizuri huiongeza. Kiraka chake huitwa pewa. Fundi huchonga kipande cha mbao chenye umbo la pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha, huchimba nafasi ya umbo hilohilo ikikata ufa kwa upande, kisha hukipachika kipande hicho kikaze kabisa. Kiraka hakifichwi; pengine mbao yake huwa ya rangi tofauti makusudi. Mabakuli ya watawala yalipewa majina na kurithiwa kizazi hata kizazi, na katika mikusanyo ya Jumba la Makumbusho la Bishop, lililoanzishwa Honolulu mwaka 1889, mabakuli yenye viraka vya namna hiyo ni sehemu ya urithi unaohifadhiwa. Seremala yeyote mwenye patasi kali anaweza kuifanya kazi hii, mradi asikimbilie kujaza gundi.

Poi, chakula chenye bakuli lake

Umeke ulichongwa kwa ajili ya poi kabla ya kitu kingine chochote. Poi ni magimbi, au nduma kama wasemavyo Wakenya, yaliyopikwa, kupondwa na kulainishwa kwa maji. Chukua kilo mbili za magimbi mazito, uyaoshe na kuyachemsha na maganda yake, au kuyapika kwa mvuke, mpaka kijiti kipenye mpaka katikati bila kukwama. Kwa magimbi makubwa hiyo ni saa moja na nusu au zaidi. Usipunguze muda huo: gimbi ambalo halijaiva vizuri lina chembechembe kali zinazowasha mdomo na koo, na hakuna kiungo kitakachoziondoa. Yakipoa kidogo, yamenye na kukwangua madoa yote.

Huko Hawaii magimbi hupondwa kwa jiwe zito lenye mpini, juu ya ubao mpana uliochongwa ukawa na bonde kidogo katikati. Sheria za afya ziliwahi kuubana uuzaji wa magimbi yaliyopondwa kwa njia hii, kwa sababu ya mbao na mawe hayo, mpaka sheria mpya ya mwaka 2011 ilipofungua njia. Kinu na mchi vinafaa. Ponda bila kuongeza maji kwanza, ukilowesha mchi tu ili usinate, mpaka upate bonge moja linalovutika. Hilo huitwa paiai na linaweza kuhifadhiwa kwa siku kadhaa likiwa limefungwa vizuri. Ndipo ulitie katika umeke na kuongeza maji kidogo kidogo huku ukikanda kwa mkono.

Kiasi cha maji hupimwa kwa vidole vya mlaji. Poi nzito huchotwa kwa kidole kimoja, ya wastani kwa viwili, na nyepesi kwa vitatu. Kwa wageni wanaoijaribu kwa mara ya kwanza, tengeneza ya vidole viwili. Unaweza kuila siku hiyohiyo, ikiwa na utamu wa gimbi lenyewe, au kuiacha ichache kwa siku moja au mbili mahali penye ubaridi, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa na kumwagiwa tabaka jembamba la maji juu ili isifanye utando mkavu. Uchachu wake ni wa bakteria wa aina ile inayogandisha maziwa, na wengi wa wenyeji huupenda kuliko utamu wa siku ya kwanza.

Adabu ya kulizunguka bakuli

Bakuli la poi huwekwa katikati na watu wote huchota humo. Likishafunuliwa, ugomvi unakoma, madeni hayadaiwi, na maneno makali huahirishwa. Sababu yake ni nasaba. Kwa mapokeo ya Wahawaii, Wakea na Hoohokukalani walipata mtoto aliyezaliwa mfu, wakamzika, na kaburini mwake ukaota mmea wa kwanza wa magimbi. Mtoto wa pili, Haloa, ndiye babu wa watu wote. Gimbi basi ni kaka mkubwa, na anayelumbana mbele ya bakuli analumbana mbele ya mkubwa wake. Waeleze wageni wako habari hiyo kabla ya kulifunua, kwa sauti ya kawaida, nao wataketi kwa namna nyingine.

Mlaji huchota kwa kidole cha shahada na cha kati, hupindua mkono haraka ili poi isidondoke, na hafanyi vidole virudi bakulini vikiwa na mabaki ya nyama au samaki. Kingo za ndani hupanguswa mara kwa mara ili poi isikaukie ubavuni. Bakuli lililochafuka kingo ni aibu ya mwenye nyumba. Kwa hiyo kando ya umeke weka bakuli dogo la maji ya kunawia vidole, na lingine la mifupa na maganda. Hili la mwisho lilikuwa zito zaidi zamani: machifu waliogopa kwamba adui angeokota masazo yao na kuwarogea, kwa hiyo mtumishi mwaminifu aliyachukua na kuyatupa mahali pa siri. Baadhi ya mabakuli hayo yalipambwa kwa meno ya maadui waliouawa, kwa kusudi la kuwadhalilisha.

Kushirikiana bakuli moja kwa wanaume na wanawake, jambo linaloonekana la kawaida leo, lina tarehe. Hadi mwaka 1819 wanaume na wanawake walikula mbalimbali, wakawa na majiko na vyombo mbalimbali, na mwanamke alikatazwa nguruwe, nazi na aina nyingi za ndizi. Mwaka huo mfalme kijana Liholiho aliketi kula pamoja na wanawake wa kifalme, Kaahumanu na Keopuolani wakiwa nguzo za uamuzi huo, na mfumo mzima wa miiko ukaanguka kwa mlo mmoja.

Mabakuli ya kando

Poi peke yake si mlo. Inataka kitu chenye chumvi. Poke, yaani samaki mbichi aliyekatwakatwa na kuungwa, hutengenezwa kwa nusu kilo ya jodari aliyekatwa vipande vya sentimita mbili, chumvi ya mawe kijiko kimoja cha chai, mwani uliooshwa na kukatwakatwa, na njugu za kukui zilizokaangwa na kusagwa, ambazo korosho zilizokaangwa zinaweza kuzishikia nafasi. Mafuta ya ufuta na sosi ya soya viliingia baadaye kutoka Asia. Tia kidogo, la sivyo hutaonja samaki. Jodari huyo awe amekaa kwenye barafu tangu alipovuliwa, kwa kuwa akipata joto hutengeneza sumu ambayo wala moto wala jokofu haviiondoi. Usipokuwa na uhakika, tumia pweza aliyechemshwa, kama wanavyofanya Wahawaii wengi. Bakuli la poke liwe dogo, la kioo au la kauri, na lipakuliwe likiwa baridi.

Mabakuli ya kauri yenye mguu mfupi yalitoka kwa vibarua wa mashamba ya miwa, Wachina na Wajapani kwanza, kisha Wakorea na Wafilipino. Humo ndimo ilimozaliwa saimini: tambi za ngano katika supu nyepesi ya kamba wakavu na mwani, juu yake vipande vya nyama ya nguruwe au kuku na majani ya kitunguu. Bakuli lake liwe na kina ili supu ibaki moto, na kila mtu apate lake. Loko moko, iliyoanza katika mji wa Hilo karibu na mwaka 1949, hutumia bakuli la aina hiyohiyo: wali chini, kababu bapa ya nyama ya kusaga, yai la kukaanga, na rojo la kahawia juu ya vyote. Ni chakula cha kushibisha na hakihitaji sherehe.

Ningekushauri usivipakue vyote siku moja. Umeke wa poi, poke, samaki wa kuchoma na bakuli la kunawia vinatosha kwa wageni sita. Saimini au loko moko viwe vya jioni nyingine, kwa maana mtu aliyekwisha kujaza tumbo kwa wali na rojo hawezi kuionja poi inavyostahili. Poi ikibaki, ihamishie katika chombo cha kauri kabla ya kulala, na uuoshe umeke usiku huohuo.