Jinsi ya kubadilisha maji ya akwariamu bila kuua samaki

Wadau, mi nafuga mbuna, wale samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, wako sebuleni hapa Dar kwenye tenki la futi tatu, na swali ninaloulizwa kila mara ni "maji nimwage yote?" Usimwage yote aisee. Tenki langu la kwanza niliwatoa samaki nikawatia kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua vioo na kokoto kwa sabuni ya unga mpaka pakang'aa, nikajaza ya bomba muda uleule na kuwarudisha, asubuhi naamka watano wanaelea tumbo juu. Niliwaua kwa usafi.

Iko hivi, kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia ambayo ni sumu kali, ila kuna bakteria wanajijenga kwenye filta na kokoto wanaibadilisha kuwa nitriti, nayo sumu, halafu nitrati ambayo ina nafuu kidogo. Hiyo nitrati ndo inajikusanya wiki hadi wiki na ndo tunayoipunguza tukibadilisha maji. Ukiosha kila kitu hao bakteria wanakufa wote, na amonia inapanda hakuna wa kuishughulikia.

Kiasi: asilimia 20 mpaka 25 kila wiki inatosha kwa tenki lisilojaa samaki kupita kiasi. La kwangu ni sentimita 90 kwa 40 kwa 45, zidisha ugawe kwa 1,000 unapata lita 162, toa mawe na ile nafasi ya juu nisiyojaza nabaki na kama 130, kwa hiyo natoa ndoo moja na nusu za lita 20, basi.

Hatua ya kwanza inaanza jana yake. Kinga maji ya bomba kwenye ndoo safi ambazo hazijawahi kuona sabuni, ziache wazi bila mfuniko saa 24 klorini itoke, ukiwa na pampu ya hewa itumbukize humo inatoka haraka zaidi. Klorini inaunguza matamvua, samaki anakosa pumzi huku kazungukwa na maji. Kama maji yenu yanatiwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, kuyalaza hakusaidii, hiyo haitoki kirahisi, nunua dawa ya kuondoa klorini kwenye maduka ya samaki ufuate kipimo cha kwenye chupa. Maji ya boza au kisima usiyaamini tu kwa kuyaangalia, visima vingi vya huku pwani vina chumvi, yaonje kwanza. Na wenye simtanki jeusi juani, maji ya saa nane mchana ni ya moto kabisa, kinga alfajiri.

Siku yenyewe nawa mikono kwa maji matupu, usipake losheni wala nini, chomoa filta na hita kwenye umeme. Dar wengi hatuna hita ila wa Mbeya na Arusha mnazo, ikae kama dakika 15 ipoe kabla hujashusha maji maana kioo chake kikiwa cha moto halafu kikabaki hewani kinapasuka.

Halafu chukua mpira mwembamba, ujaze maji wote, ziba ncha zote kwa vidole, moja iingie kwenye tenki nyingine kwenye ndoo iliyo chini, achia, maji yanashuka yenyewe. Usivute kwa mdomo, mi nishayanywa yale maji na sitaki kukumbuka. Pitisha ncha juu ya kokoto unyonye uchafu, leo upande huu, wiki ijayo ule. Sponji ya filta ikamue kwenye ndoo hiyohiyo ya maji uliyotoa, usiipeleke bombani.

Kabla ya kurudisha, tia mkono kwenye tenki kisha kwenye ndoo, ukihisi tofauti subiri, au tumia kipimajoto kabisa. Mimina taratibu, mi naweka sahani juu ya kokoto maji yaangukie hapo yasichimbe, washa filta, chakula wape baadaye.

Kuna mtu atasema yeye anajazia tu yanapopungua. Hapo hujabadilisha kitu, kinachoondoka kwa mvuke ni maji matupu, chumvichumvi na nitrati zote zimebaki ndani, na kila ukijazia unaongeza nyingine.

Ila kama tenki lina miezi halijaguswa, hata hiyo robo usitoe kwa mkupuo. Maji ya zamani yanakuwa na asidi, na kwenye asidi amonia inakaa kwa hali isiyo na madhara sana, sasa ukimwagia maji mapya yenye pH ya juu, yaani yasiyo na asidi, inageuka sumu papo hapo. Toa asilimia 10 tu kila siku kwa wiki nzima.

Ukimaliza kaa nao nusu saa. Wakikimbilia juu kuhema, matamvua yanaenda mbio, ongeza hewa haraka na weka dawa ya kuondoa klorini kama ulikuwa hujaweka. Wakianza kufukuzana kama kawaida yao mbuna, chukua ile ndoo chafu kamwagilie pilipili na mchicha, mboga zinayapenda hayo maji kuliko unavyofikiri.