Ndege wasijenge viota katika vibanda vya bustani: matundu yazibwe kabla ya Septemba

Katika viwanja vingi vya Lubumbashi hakukosekani payote ya kupumzikia, banda la kuku au kibanda cha kuwekea majembe na mbegu, na vyote hivyo ndege huviona kuwa mahali pazuri pa kutagia. Wenye viwanja huanza kuhangaika nao mwezi wa Novemba, mvua zinapokuwa zimeshika, ilhali ndege wengi huanza kujenga mwishoni mwa kiangazi, mijakaranda inapochanua. Kazi ya kuziba matundu ifanyike basi Julai na Agosti, wakati viota vingi vikiwa vitupu.

Msumbufu mkubwa ni shomoro. Njia yake kuu ni pale mabati yanapolalia mbao ya juu ya ukuta, kwa sababu chini ya kila wimbi la bati hubaki upenyo mkavu, wenye joto, ambao paka haufikii. Anayetazama kutoka chini haoni kitu, isipokuwa majani makavu mawili matatu yanayoning'inia na michirizi myeupe ukutani. Inampasa apande ngazi na kukagua wimbi moja baada ya jingine. Upenyo huo uzibwe kwa saruji au kwa waya wa wavu uliokunjwa na kusukumizwa ndani kwa nguvu. Wengi hununua waya wa kuku wenye matundu ya milimita 25, ambao humzuia njiwa lakini shomoro hujipenyeza. Matundu yasizidi milimita 19, hata kama waya huo ni ghali zaidi. Nguzo za mabomba ya chuma zilizo wazi juu nazo zifunikwe, maana ndege hutumbukiza nyasi humo. Njiwa, ambaye hupenda kutua juu ya boriti pana, hushindwa akipigiliwa ubao ulioinama nyuzi 45.

Payote ya nyasi ina hatari yake, hasa kwa wanaochoma michopo chini yake: kiota kikavu kilichoning'inia juu ya makala ni kiberiti tosha.

Katika banda la kuku hasara haiishii kwenye uchafu. Viota huleta utitiri mwekundu, unaojificha mchana katika nyufa za mbao, ukatoka usiku kunyonya damu ya kuku, na ambao unaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwa hiyo kiota cha zamani kichomwe mbali na banda, kisitupwe mlangoni. Ndege wa porini wanaweza pia kuleta kideri, ugonjwa unaoua kuku, na mayai yao huvuta nyoka. Hata hivyo, waya peke yake hautoshi ikiwa pumba na mahindi yanamwagwa ovyo, kwani penye chakula cha bure shomoro hatachoka kutafuta mlango.

Ukikuta mayai au makinda, usizibe. Shomoro huatamia takriban wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine hivi. Ni afadhali kuvumilia mwezi mmoja kuliko kufungia makinda yakaoza ndani na kuleta nzi. Diski na karatasi zinazong'aa huwatisha siku chache tu, kisha huzizoea. Sumu isitumike kabisa mahali penye kuku na watoto.

Wakati wa kusafisha, kinyesi kikavu kilowanishwe kwanza, na anayefagia afunike pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu.

Mbayuwayu ni habari nyingine. Wale wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia Oktoba wengi ni wageni kutoka Ulaya, nao hawajengi huku. Wanaofinyanga viota vya tope chini ya baraza ni wenyeji, na kwa maoni yetu waachwe, kwa kuwa chakula chao ni wadudu warukao. Anayekerwa na kinyesi chao apigilie ubao mpana chini ya kiota, awe anaukwangua kila wiki na kupeleka kinyesi kwenye shimo la mboji.