Kuomba kutangazwa mufilisi ukiwa Mbeya au Iringa: anza na daftari la madeni

Wengi wanaokuja ofisini kwangu Mbeya ni wafanyabiashara wa viazi, mpunga na mahindi. Bei imeanguka, benki inadai, SACCOS inadai, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wale wa kausha damu, hawaachi kupiga simu. Swali lao ni moja: "Wakili, nikitangazwa mufilisi nyumba yangu itapona?"

Hatua ya 1: Orodhesha madeni yote. Chora safu nne: anayekudai, kiasi, tarehe, dhamana. Safu ya dhamana ndiyo ya kuisoma mara mbili. Tuseme unadaiwa milioni 18 na benki iliyoshika hati ya nyumba yako ya Uyole, milioni 4 na SACCOS ambako shemeji alikudhamini, na milioni 2 na muuza mbolea mliyekubaliana kwa mdomo. Ukitangazwa mufilisi, benki bado ina haki ya kuiuza nyumba ile. Shemeji naye atafuatwa. Muuza mbolea ndiye atakayelazimika kupanga foleni na wadai wengine wasio na dhamana. Kwa hiyo, kama mzigo wako mkubwa uko benki, ufilisi hautaiokoa nyumba. Angalia pia kama mwenzi wako aliridhia rehani; Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa yake kwa nyumba ya familia.

Hatua ya 2: Zungumza na wadai, kwa maandishi. Omba kupangiwa upya marejesho. Mkopeshaji wa mtaani mwombe akuonyeshe leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo.

Hatua ya 3: Peleka maombi Mahakama Kuu. Mashauri haya yanaongozwa na Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na Mahakama Kuu ina masjala Mbeya na Iringa. Usiende Mahakama ya Mwanzo. Maombi yako yaeleze kwamba huna uwezo wa kulipa. Ukishayawasilisha, huwezi kuyaondoa bila ruhusa ya mahakama, kwa hiyo amua kwanza. Kama huna pesa ya wakili, ulizia msaada wa kisheria chini ya Sheria ya 2017.

Hatua ya 4: Sema kweli yote. Amri ya mahakama ikitoka, mali zako zinaingia mikononi mwa RITA, wakala wa serikali unaosimamia ufilisi, na mdai asiye na dhamana hawezi kukushtaki bila ruhusa ya mahakama. Utawasilisha maelezo ya mali na madeni, wadai watakutana, nawe utahojiwa hadharani kwa kiapo. Nakusihi, usihamishie pikipiki kwa kaka yako wala usimlipe rafiki mmoja ukawaacha wengine. Miamala hiyo hubatilishwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Vifaa vya kazi, nguo na matandiko ya familia unabaki navyo, kwa kiwango kilichowekwa na sheria.

Hatua ya 5: Omba kuondolewa ufilisi. Kabla ya hapo huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Ombi linasikilizwa na mahakama, ambayo inaweza kukubali, kukataa, kuahirisha, au kukutaka utoe sehemu ya kipato chako cha baadaye kwa wadai. Deni lililotokana na ulaghai litaendelea kukudai hata baada ya hapo.